Kivuli cha Tepe Tatu

Mkishaketi mbele ya cherehani, vijana, hamna hamu tena ya kumsikiliza mtu, kwa hiyo nawaambia kabla hamjaketi: jifunzeni kwanza kufumua. Kushona kunaonekana na kunasifiwa. Anayefumua hakuna anayemtazama. Lakini mimi, kwa miaka yote niliyozunguka na cherehani kutoka Kiomboi hadi Itigi na kurudi, nimeaibika kwa kushona mara nyingi na nimeokoka kwa kufumua mara moja. Hiyo mara moja ndiyo nataka kuwasimulia, ingawa najijua, nitachepuka njiani.

Nimeacha kazi mwaka huu. Watu hucheka nikisema nimestaafu kabla ya kufikisha hamsini, lakini goti langu la kulia, lililokanyaga ubao wa cherehani muda wote huo, halijali umri wa mtu. Limekataa. Nami nimekaa hapa nikikumbuka, na kukumbuka ni kazi isiyohitaji goti.

Aliyenifundisha ni Mzee Idi, Mnyaturu wa Singida mjini, aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka moja la Mhindi pale Kiomboi. Nilimfikia nikiwa nimetoka sekondari mwaka wa pili tu, baba amefariki, nyumbani hakuna wa kunirudisha shule. Mzee Idi alifurahi kupata mtu anayeweza kusoma namba za futi bila kuhesabu kwa vidole, ila hakunionea huruma.

"Bwana Shule," aliniita hivyo hadi nilipoondoka kwake, "Kiingereza chako kitatuliza kitambaa kisikunjamane?"

Miezi mitatu alinipa wembe tu. Nifumue mifuko, nifumue kola, nifumue pindo. Kata uzi upande wa ndani, si wa nje. Kata kishono kimoja, ruka viwili, kata kimoja, kisha vuta kwa upole, na ukisikia kitambaa kinalia, acha. Usipulize vumbi la nyuzi, liokote, maana mteja akiona uzi mweupe kwenye suruali nyeusi haamini tena chochote ulichofanya. Vidole vyako vijifunze kusoma kilicho kati ya kitambaa cha nje na bitana ya ndani, kwa sababu humo ndimo mafundi wavivu huficha makosa yao.

Miezi mitatu ilipokwisha nikapewa suruali ya karani wa mahakama. Niliishona kwa furaha, mbio mbio, na nilipomaliza nikakuta mguu mmoja umeshonwa ndani ya mwingine. Karani alipokuja kuichukua, Mzee Idi aliinyanyua mbele ya watu, akaitazama pande zote, kisha akamwambia kwa heshima, "Hii, bwana, ni ya kuvaa siku ambazo huna safari." Mpaka leo nikiona suruali ya khaki masikio yanapata moto.

Sasa nije kwenye makabuti.

Vita vya Mwingereza na Mjerumani vilipokwisha, vitu vya jeshi vilianza kumiminika kwenye minada yetu. Malori yalikuja Misigiri yakamwaga makabuti, buti, mikanda, chupa za maji za bati, masweta yenye viraka. Ninyi mnaojua upepo wa Iramba mwezi wa sita, ule unaopita katikati ya mifupa, mtaelewa kwa nini watu walipigania makabuti yale. Kabuti moja la jeshi lilikuwa blanketi, mkeka, mwavuli, na siku ya harusi lilikuwa suti. Mchungaji alibeba maziwa kwenye chupa yenye chapa ya taji la mfalme. Bibi alifunga mzigo wa kuni kwa mkanda wa risasi. Mzee wa kanisa alisoma sala amevaa koti lenye beji ya shaba ya umbo la bomu kwenye kola. Mgeni angefika Misigiri siku ya mnada angedhani tumetekwa na jeshi lisilojua kupanga mstari.

Boma, yaani ofisi ya serikali ya kikoloni, halikufurahi. Siku moja tarishi alisimama juu ya sanduku katikati ya mnada akasoma amri: raia yeyote asionekane na tepe, beji, wala kifungo chenye taji. Nguo yenyewe ruhusa, alama marufuku. Alama zote zikusanywe zipelekwe boma. Atakayekamatwa atavuliwa kabuti hapo hapo, na mwezi wenyewe ulikuwa ule wa sita.

Basi kesho yake baraza yetu ilijaa watu. Mzee Idi akakaa kwenye cherehani, mimi nikabaki na wembe wangu. Vifungo vya taji nilikata, badala yake tukachonga vifungo vya kibuyu, tukavitoboa kwa msumari wa moto. Vilikuwa vizuri, siwadanganyi, vijana. Vilikaa kuliko vya shaba.

Katika watu wale alikuja Mkumbo. Huyu hakununua kabuti lake mnadani. Alikwenda nalo vitani Burma na alirudi nalo, sajini mwenye tepe tatu mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye umri wa kama miaka thelathini, anayeongea kana kwamba maneno yana mgao.

"Ondoa," aliniambia.

"Kaka Mkumbo, wewe si ulikuwa askari kweli? Wangekuelewa."

"Amri imesema raia. Mimi sasa nalima uwele. Ondoa."

Nikaondoa. Nilipozivuta tepe zile, chini yake kukabaki tepe nyingine tatu: kitambaa kilichokuwa kimefunikwa kilibaki na rangi yake nzito ya kijani, na kilichozunguka kilikuwa kimepauka kwa jua la miaka. Kivuli kamili, kona zote zinaonekana. Vidole vyangu vilihisi pia kitu kama chembe za mchanga kati ya kitambaa na bitana, lakini foleni ilikuwa ndefu, sikujali.

"Imebaki," alisema Mkumbo, akipitisha kidole.

"Nipige pasi?"

"Acha. Hilo halikusomwa kwenye amri." Nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hizo zenyewe zipeleke boma."

Vijana, hapo ndipo nilipokosea. Sikuzipeleka. Nilizitia kwenye kopo langu la vifungo, nikijiambia ni kitambaa kizuri, hakikosi kazi.

Wiki haikupita akaja Makala, mchuuzi wa asali, mtu mcheshi mwenye sauti ya kusikika mnada mzima. Alikuwa na kabuti la mnadani, halijawahi kuwa na alama yoyote.

"Fundi mdogo, nimeona kabuti la Mkumbo. Akiingia kwenye pombe watu wanamsogezea kigoda. Askari wanamtazama, hawana pa kumshika. Na mimi nifanyie kile kivuli."

"Kivuli hakishonwi, kaka."

"Wewe si umesoma sekondari?"

Angeniambia neno lingine lolote ningekataa. Nikafikiri siku mbili. Kisha nikazichukua tepe za Mkumbo kama kielelezo, nikakata nyingine kwa gunia, nikazibandika kwenye mkono wa kabuti la Makala kwa uji mzito wa mtama. Nikayeyusha magadi, haya haya ya kupikia mlenda, nikawa napaka pembeni kwa brashi na kuanika juani, napaka na kuanika. Siku ya tano nikabandua gunia. Tepe tatu! Hata mimi nilishtuka. Makala alinipa asali kibuyu kizima, akaondoka anatembea kifua mbele.

Katika siku zile tano Mzee Idi alinikuta nikipaka.

"Unashona nini hapo, Bwana Shule?"

"Sishoni, mzee. Naosha."

"Tangu lini fundi akawa dobi?" Akanusa brashi, akaniangalia, akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa mtu wa kusema mara moja.

Baada ya Makala wakaja wengine watatu. Niliwafanyia wote, na kila mmoja nilimfanyia haraka kuliko aliyemtangulia, kwa kuzidisha magadi.

Sasa sikilizeni jambo lilivyogeuka. Huko bondeni, upande wa magharibi wa Misigiri, kulikuwa na msitu wa miiba uliojaa ndorobo, wale mbung'o wanaoua ng'ombe. Mkumbo alipokuwa vitani, ndorobo wale walimaliza ng'ombe wa baba yake wote, na mzee akafa mwaka huo huo akiwa hana hata ndama wa kumtazama. Boma likaamua kufyeka misitu ya ndorobo. Likatangaza: kila eneo litoe kundi la wafyekaji na nyapara wa kuwaongoza, na nyapara awe mtu aliyekuwa sajini jeshini, anayejua kupanga watu na kuwalisha porini. Eneo lenye nyapara litaanza na msitu wake.

Mkumbo alikuja barazani kwetu siku ile.

"Nitaufyeka ule msitu," alisema. "Ndicho nilichorudia."

"Una cheti cha jeshi?" nilimwuliza.

"Nilikichomeka kwenye dari la tembe, juu ya jiko, kisipate maji." Akafungua kiganja kitupu. "Mchwa."

Ninyi mmekulia kwenye nyumba za bati, labda hamjui. Dari la tembe ni miti na udongo, ndipo watu wote walipoweka kitu cha thamani, na ndipo mchwa walipokaa.

"Andika jeshini, watakutafuta kwenye vitabu vyao."

"Nimeuliza. Jibu litafika mvua zikianza. Msitu haufyekwi kwenye mvua." Akagusa mkono wa kabuti lake. "Nina hiki kivuli."

Siku ya baraza la Jumbe la kumchagua nyapara nilikwenda kutazama, pamoja na Mzee Idi. Jumbe alikaa mbele ya jengo na karani wake, watu wamejaa uwanjani. Karani akaita masajini wajitokeze. Mkumbo akatoka. Halafu akatoka Makala. Halafu wale wengine watatu, mmoja mmoja, wote na makabuti, wote na kivuli cha tepe tatu mkono wa kulia.

"Masajini watano," alisema karani. "Kwa kata hii peke yake. Mbona vita ile ilichukua miaka yote hiyo?"

Watu wakacheka. Jumbe hakucheka. "Pigeni saluti."

Wakapiga wote, safi kabisa.

"Mbwa wangu naye anajua saluti siku hizi. Vyeti viko wapi?"

Wa kwanza akasema chake kiliungua na nyumba. Wa pili akasema kilichukuliwa na mafuriko. Wa tatu alisema aliibiwa njiani. Makala akasema chake kililiwa na mbuzi, akaeleza hadi rangi ya mbuzi, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Ndipo zamu ya Mkumbo ikafika.

"Mchwa," alisema.

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mkumbo alibaki amesimama wima, akitazama juu ya vichwa vyao. Sijawahi kuona mtu anayesema kweli akifanana na mwongo namna ile, na aliyemfananisha ni mimi.

"Basi," alisema Jumbe. "Siwezi kupeleka boma sajini wa mchwa wala wa mbuzi. Nitawaandikia watuletee nyapara kutoka eneo lingine. Huyo ataanza kwanza na msitu wa kwao. Wetu utangoja."

"Utangoja hadi lini, Jumbe?" aliuliza Mkumbo.

"Hadi upatikane ukweli."

Mzee Idi aliniangalia kama alivyoniangalia nikiwa na brashi. Nilifikiria kufukuzwa, nilifikiria kuvuliwa ufundi mbele ya watu, nilifikiria ile suruali ya karani ambayo sasa ingekuwa hadithi ndogo. Nikajikuta nimesimama kabla sijamaliza kufikiria.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi ni fundi. Vivuli vinne kati ya hivyo nimevitengeneza mimi."

Nikaeleza kila kitu: tepe nilizozificha, gunia, uji wa mtama, magadi. Makala akanigeuzia macho kama nimemvua suruali.

"Anasema uongo!" alisema. "Huyu ana wivu!"

"Nawezaje kujua?" aliuliza Jumbe.

"Lambeni mikono ya makabuti. Sikuyasuuza, magadi bado yamo kwenye sufu."

Jumbe akamgeukia karani. "Lamba."

"Mimi, Jumbe?"

"Wewe ndiye uliyesoma."

Kabla karani hajapata udhuru, bibi mmoja muuza mlenda akasimama kutoka kwenye kundi la wanawake. "Mwacheni mtoto wa watu. Mimi nimepika kwa magadi tangu kabla hajazaliwa. Leteni." Akaenda kwa Makala, akashika mkono wa kabuti, akagusisha ulimi, akatema pembeni. "Magadi." Akaenda kwa wa pili. "Magadi." Wa tatu. "Magadi." Wa nne akakunja uso. "Huyu fundi alizidisha, mlenda huu ungemuua mtu." Akafika kwa Mkumbo, akalamba, akalamba tena. "Jasho na moshi. Basi."

Nikadhani tumemaliza. Lakini mjomba wa Makala, mzee mjanja mwenye fimbo, akainuka. "Sawa, kabuti lilikuwa la sajini. Tumekubali. Je, mtu? Hata hilo anaweza kuwa amelinunua mnadani likiwa na tepe zake."

Watu wakaguna. Ilikuwa hoja, vijana. Ndipo vidole vyangu vikakumbuka zile chembe ndani ya bitana ya Mkumbo; huenda hazikuwa mchanga, bali mabaki ya uzi.

"Kaka Mkumbo," nikamwuliza mbele ya wote, "tepe ya kwanza kabisa, nani aliishona?"

Akanitazama bila kuelewa. "Mimi mwenyewe."

"Kwa uzi gani?"

"Tulikuwa kambini, mvua haikatiki, uzi wa khaki hakuna. Nikaomba kwa mshona viatu. Mweusi, wenye nta. Nikashona kwa pupa hadi bitana, asubuhi mkono haupiti kwenye kabuti. Kikosi kizima kilinicheka." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. "Nilipopata ya pili, fundi wa kambi aliikata nje na ndani, akashona upya. Akaniambia nisishike sindano tena."

"Jumbe, naomba ruhusa nifumue."

Jumbe akaitikia kwa kichwa. Mkumbo akavua kabuti akanipa. Nililigeuza mkono ndani nje, nikaweka wembe kwenye mshono wa bitana, nikakata kimoja, nikaruka viwili. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoijua vizuri. Nilipofunua bitana nikalikung'uta juu ya meza ya karani. Vikadondoka vipande vidogo vya uzi mweusi, vigumu kwa nta, vitano au sita. Fundi wa kambi alikata nje na akakata ndani, lakini vilivyobaki katikati havikuonwa na mtu yeyote, wala na Mkumbo mwenyewe.

Karani akakiokota kimoja, akakinusa, akampa Jumbe. Jumbe akakigeuza kwenye kiganja, akampa yule mzee mwenye fimbo. Mzee alikiweka karibu na jicho kwa muda mrefu.

"Huyu kweli hajui kushona," alisema hatimaye, akaketi.

Jumbe alimwandikia Mkumbo barua ya kumpeleka boma kuwa nyapara siku ile ile. Mimi nilihukumiwa kuzipeleka zile tepe boma kwa miguu yangu na kueleza kwa mdomo wangu, kisha kugeuza mikono ya makabuti manne, kitambaa cha ndani kikae nje, bila malipo. Kama hamjawahi kugeuza mkono wa kabuti la sufu, jaribuni, mtaelewa kwamba ile haikuwa hukumu nyepesi. Mzee Idi aliniwekea wembe mpya kwenye meza.

Siku ya tatu Mkumbo alikuja Misigiri kuandikisha wafyekaji. Aliniita nimwandikie majina kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Uwanja ulikuwa umejaa wanaume, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kazi ya miiba na ndorobo, miezi mingi porini, mbali na wake zao. Makala alikuwa pale na wenzake watatu, wamesimama nyuma kabisa, bila makabuti, maana yalikuwa kwangu. Walikuwa wakitetemeka kwa upepo. Tangu siku ya baraza Makala hakuwa amefungua kinywa hata kuuza asali.

"Nahitaji watu arobaini," alisema Mkumbo. "Nani anajua kushika shoka?"

Wenye mashoka begani wakayashusha chini.

"Mimi," ilisikika sauti kutoka nyuma. Watu wakageuka. Makala alipita katikati yao hadi mbele, akasimama, mikono ubavuni, hakupiga saluti. "Mimi, afande."

Hakuna aliyecheka.

"Jina?" aliuliza Mkumbo.

"Makala."

"Andika," Mkumbo aliniambia.

Nikaandika. Wale watatu wakaja nyuma yake, kisha vijana wa Nduguti waliokuja mnadani kuuza mbuzi, kisha watu wakawa wanasukumana. Niliandika hadi mkono ukachoka. Nilipohesabu nikakuta thelathini na tisa, na jua bado lilikuwa juu. Nikafikiri jinsi miiba itakavyochana nguo za watu wote wale, na wao hawana fundi. Nikaichovya kalamu kwenye wino, nikaandika jina langu.